"Mwampimia nani?" Kisa cha bikoni tuliyoikosa mara mbili kilimani nyuma ya Mambrui

Swali lilikua fupi tu: "Mwampimia nani hapa?"

Wakati laulizwa sisi tumechuchumaa chini ya mkorosho, binamu yangu ana panga, mimi nna simu mkononi, katikati yetu kuna kipande cha zege tushakifukua mchanga pembeni mpaka chuma chake chaonekana. Mzee kasimama juu yetu na jembe begani wala hasalimu, nyuma yake vijana wawili, alafu wanne, alafu nikaacha kuhesabu.

Nimeona bora nikieleze kisa chote toka mwanzo maana wenzetu wa mchezo huu wamekua wakikipata vipande vipande, mmoja ajua habari ya panga, mwingine ajua habari ya mita mia tatu, mwingine kasikia tulilazwa ndani (hatukulazwa ndani), na kila mmoja ashatoa hukumu yake.

Kwa asoujua mchezo, jiokashi ni hivi: mtu aficha kijikopo mahali, achukua namba za GPS za pale aziweka mtandaoni, wengine waenda kukitafuta, ukikipata waandika jina lako kwenye kidaftari kilomo ndani warudisha kila kitu ulivyokikuta. Ulianza Mei 2000. Tarehe 2 serikali ya Marekani ilizima ule uharibifu wa makusudi iliokua ikiutia kwenye GPS ya raia, uliokua ukikupoteza hata mita mia, na kesho yake tu Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo yake karibu na Beavercreek kule Oregon ili aone kama mtu ataipata kwa namba peke yake. Ikapatikana. Ndo mpaka leo.

Huku kwetu kijikopo hakikai. Nlishaficha viwili, kimoja kilichukuliwa na watoto (niliwakuta wakikitumia kuwekea gololi, sikuwa na la kusema), kingine sijui, nadhani kima. Bas tukahamia kwenye bikoni, yaani zile alama za wapimaji, kwa sababu bikoni hakuna anayehitaji kuificha, wapimaji walishaiweka zamani, wewe kazi yako ni kuifikia, kuipiga picha, na kuangalia iko hali gani. Waingereza wana nguzo zao walizoanza kuzijenga 1936, zaidi ya elfu sita, na kuna watu wazima na ndevu zao kila wikendi wapanda vilima kuzihesabu moja moja. Sisi hatuna orodha iliyopangwa hivyo, tuna ramani za zamani na miguu.

Na kwa nini vilima? Maana kabla ya setilaiti mahali palijulikana kwa pembe. Mpimaji asimama kilima hiki na tiodolaiti yake, kile kifaa cha kupimia pembe, alenga kilima kile na kile, apata pembetatu, na akiwa ajua urefu wa upande mmoja basi pande zilobaki azipiga hesabu tu, alafu pembetatu hiyo yazaa nyingine, na nyingine. Kwa hivyo bikoni lazima iwe mahali inapoonana na wenzake. Kwenye ramani huchorwa kama pembetatu ndogo yenye nukta ndani na urefu wake umeandikwa pembeni. Hili la kuonana shikeni vizuri, ndo lingetuokoa mapema kama tungekua na akili.

Ramani yetu ilikua ile ya 1:50,000, karatasi kubwa, ya mzee mmoja mstaafu hapa Malindi mjini aliyewahi kufanya kazi ya upimaji. Hakutaka kuiazima, na alikua na haki, akaitandaza barazani kwake tukaipiga picha. Binamu yangu ndo aliyepiga. Yeye ni Mwamu, mwalimu wa hesabu, mtu makini sana, lakini simu yake ilikua imejaa akaona akate kingo za picha ibaki ramani tupu ili iende WhatsApp kwa wepesi. Nilimwona akikata. Hata mimi niliona sawa, kingoni kuna nini zaidi ya maandishi madogo madogo.

Tukasoma namba za gridi kwa rula. Milimita moja kwenye karatasi ni mita hamsini chini, kwa hivyo ukikosea nusu milimita ushakosea mita ishirini na tano, hilo tulilijua tukalikubali. Tukazitia kwenye simu, simu ikatuwekea kialama chekundu, safari ikawa imeiva.

Safari ya kwanza tulitoka Malindi alfajiri, mahamri na mbaazi tukala njiani, matatu ikavuka daraja la Sabaki maji yakiwa mekundu vile, tukashuka Mambrui tukachukua boda mbili za kwenda ndani. Jamaa wa boda aliniuliza, "Mwaenda kwa nani?" Nikamwambia twaenda kutembea tu. Kimya kidogo, alafu akauliza tena, "Lakini kwa nani?" Mimi nikaona huyu ni mbea. Sasa hivi nikikaa nafikiria, swali la mzee wa jembe na swali la yule kijana wa boda ni swali moja, na tuliulizwa mapema kabisa, bado tuko barabarani, na bei ya kulijibu ilikua bure.

Ule upande ardhi ni mchanga mwekundu, ndo huo huo unaoitwa kwa jina la Magarini na wataalamu wa mawe, na ukienda mbele mpaka Marafa ndo wauona umemomonyoka ukawa lile korongo la Nyari wanalokwenda watalii. Kupanda si kazi ngumu, jua ndo kazi. Kaskazi ilikua imepungua hakuna upepo, mikorosho, mihogo, mibuyu miwili mitatu, na ukigeuka nyuma bahari yote iko chini yako na kule upande wa Gongoni weupe wa chumvi unang'ara mpaka macho yauma. Mshale wa simu ukawa watuvuta, mita mia mbili, mia, hamsini, kumi, nne. Tumefika.

Mteremkoni. Shambani kwa mtu. Kilele kiko kule juu kusini yetu chaonekana wazi kabisa, na sisi tuko chini yake ubavuni tunaambiwa na simu kwamba pembetatu iko hapa.

Hapo ndo penye kosa ninaloliona kubwa kuliko la namba. Namba zaweza kukosea, hiyo ni kawaida ya namba, lakini sisi tulikua twajua bikoni hukaa mahali inapoonana na vilima vingine, tumelisoma, tumeelezana kwenye matatu, alafu tukasimama mahali ambapo huoni hata kilima kimoja upande wa kusini na bado tukaanza kutafuta chini. Nilisema, "Binamu, hapa si juu." Akasema kilima kimeliwa na maji, si waona Nyari ilivyo, huenda kilele kilikua hapa zamani. Kusema kweli maelezo yake yalikua mazuri, yaani yalikua na jiolojia ndani. Mtu akiwa na maelezo mazuri simu nayo inamuunga mkono, jicho halina kura.

Alafu tukaona zege. Dogo, limezama, lina ncha ya chuma katikati. Ee bwana, tulifurahi! Binamu akatoa panga akaanza kuondoa mchanga pembeni tupate picha nzuri. Wapimaji wenzangu mnaosoma mshajua lile lilikua nini: chuma ndani ya zege, alama ya mpaka wa shamba, hizi za kawaida kabisa, imegawa shamba la mzee na la jirani yake. Sisi twaichimbua na panga mchana kweupe.

"Mwampimia nani hapa?"

Binamu kwa adabu yake yote akamwamkia, alafu akasema, "Mzee, ni mchezo tu."

Sijawahi kusikia jibu baya kama lile. "Mchezo?" mzee akasema. "Watoka kwenu na panga uje ucheze na mpaka wangu?"

Simu ikachukuliwa, na kwenye simu kuna nini? Ramani ya pale pale kijijini, imechorwa mistari, ina namba, na kialama chekundu juu ya shamba la mzee. Ningekua mimi ndo yeye ningeita watu pia. Tukapelekwa kwa mzee wa kijiji tukakalishwa chini ya mwembe, chifu akapigiwa simu, maji tulipewa (hilo lazima niliseme, maji tulipewa mara mbili bila kuomba), na tukakaa pale toka saa nne mpaka alasiri imeadhiniwa. Kilichotutoa si maelezo ya jiokashi, hayo kila tukiyarudia yalikua yazidi kutuharibia. Kilichotutoa ni kwamba nina shangazi aliyeolewa Gongoni na mzee wa kijiji alikua amjua mumewe. "Kumbe wewe ni mtu!" akaniambia. "Mbona hukusema toka asubuhi?"

Kwa nini hasira vile? Kuna wenzetu wameniambia ni ushamba, watu hawajui GPS. Hapana, wale watu wajua upimaji kuliko sisi, ila wameujua kwa upande wake mwingine. Huu ukanda wa pwani, ile maili kumi ya Sultani wa Zanzibar iliyowekwa chini ya Waingereza kwa mkataba wa 1895, ulikuja kupigiwa sheria ya hati 1908, kwamba mwenye kudai ardhi alete dai lake lipimwe aandikishwe, na ardhi isiyo na mwenyewe kwenye daftari ikawa ya serikali. Wamijikenda wengi hawakuingia kwenye daftari hilo. Wajukuu zao ndo hao leo waitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Alafu mwishoni mwa miaka ya sabini ukaja mradi wa Magarini, wa kugawa mashamba, pesa zatoka Australia, msitu ukafyekwa viwanja vikakatwa, kilimo hakikuwa kama kilivyoandikwa kwenye makaratasi na wafadhili wakaondoka. Sasa jiulize, katika yote hayo, nani alikua wa kwanza kufika shambani? Seveya, yaani mpimaji. Aja na kijana wa kushika fito, aja na panga ya kufyeka njia ya kuona, hasemi mengi, aondoka, na baada ya miaka miwili yaja barua. Mzee alituona vile vile, wawili, panga, kifaa. Ndo maana hakusalimu.

Kisheria nayo tulikua tumesimama vibaya. Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, yakataza kung'oa wala kuharibu alama za upimaji, na kwenye mipaka ya mashamba kuna sheria yake vilevile. Hatukung'oa, lakini mtu aliyekushika na panga umeifukua hana sababu ya kungoja umalizie. Na hata kanuni za jiokashi zenyewe zasema usifukie kijikopo chini ya ardhi na upate ruhusa ya mwenye ardhi. Tulikua twazijua. Tulidhani zawahusu wanaoficha, si wanaotafuta.

Sasa namba.

Wiki nzima binamu hakulala. Alirudi Lamu na picha yake, akaipiga hesabu upya, akasema rula iko sawa, gridi iko sawa. Mimi ndo niliyekwenda tena barazani kwa yule mstaafu kumwomba nione karatasi yenyewe, na kingoni, pale pale tulipokata, ndani ya yale maandishi madogo madogo, imeandikwa makadirio (njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi) ni UTM, umbo la dunia ni Clarke 1880, datamu ni Arc 1960. Simu zetu nazo zaongea WGS84, datamu nyingine. Mzee mstaafu akacheka akaniambia, "Kijana, hiyo ndo sehemu ya kwanza kusoma."

Nieleze hiyo datamu kwa njia ya fundi cherehani maana nilivyoelezwa kwa njia ya hesabu sikuelewa. Mafundi wawili wakupima kanzu, mmoja aanzia utepe begani, mwingine aanzia shingoni. Wote wapima sawasawa, kila mmoja kanzu yake yakukaa. Lakini ukichukua namba za huyu ukampa yule akate, mkono waja mfupi, na hakuna aliyekosea kati yao, aliyekosea ni wewe uliyebeba namba bila kusema zimeanzia wapi. Arc 1960 yaanzia kwenye ule mnyororo wa pembetatu uliopandishwa toka Afrika Kusini kufuata meridiani ya 30, ule mstari wa ramani wa kusini-kaskazini, kazi iliyosukumwa na David Gill toka karne ya 19 na kukamilika Sudan 1954. WGS84 yaanzia katikati ya dunia kwa setilaiti. Kuhama toka ile kwenda hii, namba zinazotumika kwa Kenya na Tanzania ni mita -160, -6 na -302 kwa mihimili mitatu, na ule wa 302 ndo unaosimama toka ncha ya kusini ya dunia hadi ya kaskazini. Sisi Malindi tuko digrii tatu tu kusini ya ikweta, kwa hivyo mhimili huo kwetu umelala karibu sawasawa na kaskazini-kusini, na ile mia tatu yote yatua chini kama ilivyo. Ukitia namba za ramani ya zamani kwenye simu bila kuzihamisha wafika kama mita mia tatu kaskazini ya mahali penyewe na kama mia magharibi yake. Ndo pale pale kwenye mkorosho wa mzee, ubavu wa kaskazini, kilele kiko kusini chatutazama.

Na kichekesho ni kwamba toka kilima kile wakuonyesha upande wa Ngomeni, ambako Waitaliano walikua wakirusha roketi toka jukwaani baharini, na setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina hilo kwa ajili ya sikukuu yetu. Yaani tumepotea kwa setilaiti mahali ambapo wenzetu walizipandisha angani.

Safari ya pili nilimwambia binamu siendi mpaka tupitie kwa mzee wa kijiji kwanza. Akakubali, yeye alikua na namba mpya na furaha yake. Tulifika na sukari na majani chai, tukakaa, tukaeleza bila neno mchezo, tukasema twatafuta alama za zamani za wapimaji wa wakati wa mkoloni, hatufukui, hatupimi, twapiga picha twaenda zetu. Mzee wa kijiji akatupa kijana wa kutusindikiza. Kijana akauliza wapi, tukafuata mshale.

Mshale ukapita mkorosho. Ukashuka. Ukaendelea kushuka mpaka kwenye bonde, ndani ya michongoma, ikatukwaruza sisi wote watatu, kijana mwenyewe akauliza kwa upole kama kweli wakoloni walikua wapima mashimo. Nikamwambia binamu lete simu nione ulivyohamisha. Alikua amejaza namba za ramani upande ulioandikwa WGS84 akasoma jibu upande ulioandikwa Arc. Badala ya kurudi kusini mita mia tatu alikua ameongeza mia tatu nyingine kaskazini, kwa hivyo sasa tuko zaidi ya mia sita mbali, mbali kuliko siku ile tuliposhikwa. Mwalimu wa hesabu. Sikusema kitu, na kutosema kwangu kulimuuma zaidi.

Tukarudi juu tumechoka, tukapita kwenye boma la bi mkubwa mmoja auza mahamri na maji ya ndimu, yeye ndo aliyeuliza tena lile swali, mwatafuta kwa nani, na safari hii kijana akamjibu kwa Kigiriama. Bi mkubwa akacheka mpaka akafuta macho. "Kile kichuma cha miguu minne? Kilichokua juu pale?" Akaonyesha kwa kidevu, wala hakunyanyua mkono. "Sisi twakipanda tukiwa wadogo twachunga mbuzi. Miguu yenyewe washaikata wauza skrepa zamani, lakini jiwe lake liko. Mbona siku ile mlienda shambani kwa watu badala ya kuja kuuliza?"

Mjukuu wake, miaka tisa hivi, akatupeleka kwa mbio, mkononi ana hamri. Dakika kumi na tano.

Ilikua kileleni, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angeanzia. Zege la mraba, limepasuka kona moja, vishina vinne vya chuma vimekatwa kwa msumeno karibu na ardhi pembeni yake, na katikati ni tundu tupu, kilichokuwepo kimeng'olewa. Upande wa mashariki pamechimbwa shimo la kina cha mkono. Nikamuuliza mtoto nani kachimba, akasema watu walikuja usiku kutafuta mali ya Wazungu. Haya ni maradhi ya nchi nzima, mtu akiona zege lenye alama kilimani asema mkoloni kafukia kitu, zebaki, dhahabu, sijui rupia. Hakuna mtu anayefukia dhahabu alafu akaichora kwenye ramani ya serikali akaiuzia kila mtu, lakini nenda kamwambie mwenye njaa.

Pale juu nikazihamisha zile namba vizuri, kwa upande uliofaa, nikaziweka kwenye simu. Kialama kikakaa mita kumi na nne toka kwenye zege. Kwa ramani ya 1:50,000 iliyopigwa picha kwa simu barazani hiyo nimeikubali kwa mikono miwili. Kwa hivyo namba zilikua na haki yake. Bi mkubwa naye alikosea mita sifuri.

Binamu alitaka tuache kijikopo pale, alikua nacho mfukoni, mkebe wa kahawa kaupaka rangi ya mchanga. Tukabishana sana. Yeye hoja yake ni kwamba bila kijikopo wengine hawana cha kujia na mchezo hautakua. Mimi nikamwambia angalia lile shimo. Mtu alishachimba hapa bila kuona chochote, wewe wataka akija akute mkebe wenye karatasi na majina? Atachimba kilima kizima. Na akiulizwa kijana aliyetusindikiza nani kauweka? Akakasirika, akautia mkebe mfukoni. Mpaka leo asema nilimnyima kijikopo cha kwanza cha Magarini, na nitakubali hilo, nilimnyima. Wenzetu wengi wako upande wake, najua. Wasema picha tu si jiokashi. Labda si jiokashi basi, tutafute jina jingine.

Kitu ambacho sikubaliani nacho ni ule uamuzi uloenea sasa kwamba kisa hiki ni cha datamu, kwamba "wangeweka Arc 1960 wasingepata taabu." Tungeweka Arc 1960 siku ya kwanza tungefika kileleni moja kwa moja, sawa, bila kumwaga jasho. Na tungekutwa pale pale juu na panga na simu bila mwenyeji, kwenye zege ambalo watu washaliona likichimbwa usiku. Lile swali lingekuja tu, pengine kwa sauti mbaya zaidi. Datamu ilitupeleka kwa mzee mwenye hasira za mpaka wake. Ilo sawa ingetupeleka kwa kijiji kizima chenye hasira za wachimba mali.

Wakati wa kushuka mzee wa kijiji alisema bado kuna jambo moja. Tukapelekwa tena kwenye mkorosho. Yule mzee wa jembe alikuwepo, safari hii alisalimu, tukamwamkia, akaitika. Akasema hana neno na sisi ila mpaka wake tuliuacha wazi na yeye hakuugusa toka siku ile, hakutaka kuonekana yeye ndo kaugusa. Wiki tatu, mchanga uko vile vile tulivyouweka pembeni. Akataka tuurudishe wenyewe, na jirani yake awepo aone.

Jirani akaitwa. Tukapiga magoti, mimi na Mwalimu, tukarudisha mchanga kwa mikono, panga tuliiacha Malindi. Mzee akashindilia kwa mguu, jirani naye akashindilia kwa mguu wake. Jirani akaenda zake.

Mzee akangoja mpaka kapotea nyuma ya mihogo, akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile simu yangu yaweza kumwambia jirani amesogeza ua kiasi gani. Nikamwambia mzee, simu hii hata ikiwa na hali nzuri hukosea mita tano.

"Haifai basi," akasema. "Yule husogeza hatua moja kwa msimu."